Usilipie uanachama kwa kitu ambacho sheria imekupa bure: namna ya kuipata, kuisoma na kuisahihisha ripoti yako ya mikopo Marekani

Mwaka wangu wa pili hapa Columbus, Ohio, nilipokuwa nikitafuta nyumba ya kupanga, mwenye nyumba aliniomba alama zangu za mikopo (credit score), nami nikaingia kwenye tovuti iliyoahidi kunionyesha alama hizo kwa dola 1 tu. Niliandika namba za kadi yangu ya benki, nikaziona alama, nikaipata nyumba, nikasahau. Miezi kumi na minne baadaye, siku niliyokaa na taarifa ya benki nikitafuta nauli ya kwenda msibani nyumbani, nilikuta mstari wa dola 29.95 unajirudia kila mwezi, tarehe ileile, kwa jina la kampuni nisiloweza hata kulitambua. Ile dola 1 ilikuwa mlango wa uanachama. Nilikuwa nimeshalipa dola 390.35 kwa huduma ambayo sikuwahi kuifungua tena, na sehemu kubwa ya kilichokuwa ndani yake sheria ya Marekani ilikuwa imenipa bila malipo tangu siku ya kwanza.

Baada ya hapo nilianza kuwasomea jirani zangu ripoti zao, mmoja baada ya mwingine, na nimeona kwamba kosa langu ni la wengi. Mwongozo huu nauandika kwa ajili ya Waswahili wa Marekani: waliopitia kambi za wakimbizi za Nyarugusu na Kakuma kabla ya kufika hapa, waliokuja kusoma wakitokea Nairobi au Dar es Salaam, na wale wenye miaka ishirini hapa ambao bado hawajawahi kuliona faili lao.

Faili lenyewe ni nini

Kwetu, anayetaka kukukopesha humuuliza mdhamini wako, au huuliza kwenye chama mnachochangia pamoja. Hapa huuliza faili. Mafaili hayo hayatunzwi na serikali bali na kampuni tatu za kibiashara, Equifax, Experian na TransUnion, ambazo hupokea taarifa kutoka benki, kampuni za kadi za mkopo, wauzaji wa magari na wakusanya madeni, kisha huziuza kwa kila mwenye sababu halali ya kuzitaka. Hukuombwa ruhusa faili lilipofunguliwa. Kwa sababu hiyohiyo Bunge la Marekani lilitunga sheria mwaka 1970 ya kuhakikisha taarifa hizo zinatolewa kwa haki na usahihi, na karibu kila haki nitakayoitaja hapa chini inatoka kwenye sheria hiyo na marekebisho yake.

Ripoti na alama ni vitu viwili tofauti, na kuvichanganya ndiko kunakowapa wauzaji wa uanachama riziki yao. Ripoti ni orodha ya mikopo yako, tarehe ulizolipa na tarehe ulizochelewa. Alama ni namba inayokokotolewa kutoka kwenye orodha hiyo, na kwa mfumo wa FICO unaotumiwa na wakopeshaji wengi huanzia 300 hadi 850: asilimia 35 hutokana na jinsi ulivyolipa, 30 na kiasi unachodaiwa, 15 na umri wa mikopo yako, 10 na mikopo mipya uliyoomba na 10 na aina za mikopo uliyonayo. Kipato chako hakimo katika hesabu hiyo, wala dini, rangi au nchi uliyotoka. Ukiisahihisha ripoti, alama hufuata zenyewe. Hakuna mtu awezaye kuzipandisha alama huku ripoti ikibaki na makosa yake.

Kwa waliokuja kama wakimbizi, mstari wa kwanza kabisa katika faili mara nyingi ni mkopo wa nauli ya ndege. Mkopo huo hauna riba, na malipo yake huanza takriban miezi sita baada ya kuwasili. Familia nyingi huudhani kuwa msaada, au hupoteza barua za malipo zinapohama kutoka nyumba moja hadi nyingine, na hivyo faili huanza na doa kabla mwenye faili hajajua kwamba analo. Kama unao, piga simu kwa shirika lililokupokea, uliza salio, na ukishindwa kiwango kilichopangwa omba kipunguzwe. Hilo ni jambo la dakika kumi, na linaokoa mengi.

Kuipata bila kulipa hata senti

Tovuti iliyoidhinishwa kisheria kwa ripoti za bure ni moja, AnnualCreditReport.com. Tangu marekebisho ya mwaka 2003 kila mtu alikuwa na haki ya ripoti moja bure kwa mwaka kutoka kila kampuni. Wakati wa janga la korona mwaka 2020 kampuni hizo ziliruhusu ripoti kila wiki, na mwaka 2023 utaratibu huo ukafanywa wa kudumu. Andika jina hilo mwenyewe kwenye kivinjari, herufi kwa herufi, wala usilitafute na kubofya tangazo la kwanza, kwa sababu zipo tovuti zenye majina yanayofanana nalo zilizotengenezwa ili kumnasa mwenye haraka. Dalili ni rahisi: tovuti halisi haihitaji namba ya kadi ya benki ili kukupa ripoti. Ukifika mahali unapoombwa kadi, ama umepotea njia, ama umebofya tangazo la huduma ya kulipia.

Utaulizwa jina, tarehe ya kuzaliwa, anwani na namba ya hifadhi ya jamii (Social Security), kisha maswali ya kuthibitisha kwamba wewe ni wewe, kama vile kiasi cha mkopo wa gari au anwani uliyoishi miaka mitatu iliyopita. Mtu mgeni, ambaye faili lake lina mistari miwili tu, hushindwa kwenye maswali hayo kwa sababu hakuna cha kuulizwa. Usikate tamaa na usikimbilie huduma ya kulipia. Piga 1-877-322-8228, au jaza fomu ya maombi na kuituma kwa posta kwenda Annual Credit Report Request Service, P.O. Box 105281, Atlanta, GA 30348-5281. Ombi la posta hushughulikiwa ndani ya siku 15 baada ya kupokelewa.

Mbali na hizo, ukinyimwa mkopo, nyumba, bima au kazi kwa sababu ya ripoti, aliyekunyima anawajibika kukuambia hivyo na kukutajia kampuni iliyompa ripoti, nawe una siku 60 za kuiomba bure kutoka kwa kampuni hiyo. Ikiwa alitumia alama kukunyima mkopo, barua yake lazima ikutajie na alama zenyewe. Barua hiyo watu wengi huichana kwa uchungu. Itunze.

Kuisoma, kuanzia juu

Wengi wakifungua ripoti hukimbilia madeni. Anza na ukurasa wa majina. Katika jamii yetu makosa mengi huzaliwa hapo. Mtu aliyesajiliwa kambini bila cheti cha kuzaliwa mara nyingi hupewa tarehe 1 Januari, na kaya nzima inaweza kuwa na tarehe hiyo, ikitofautiana miaka tu. Mkongomani huandika jina la ukoo kwanza, lakini karani wa hapa hudhani ndilo jina lake la mwanzo. Mohamed huwa Muhammad, na Hassan Juma wa Dallas huwa jirani wa kikompyuta wa Juma Hassan wa Phoenix. Kampuni hizi hulinganisha taarifa kwa mashine, na mashine ikiona majina yanakaribiana na tarehe ni ileile, huweza kuyaunganisha mafaili mawili ya watu wasiojuana.

Mama mmoja kutoka Uvira, Kongo, alinijia na barua ya kunyimwa mkopo wa gari. Tuliifungua ripoti juu ya meza yake ya chakula, na katika ukurasa wa kwanza chini ya jina lake kulikuwa na anwani nne. Moja ilikuwa ya nyumba tuliyokaa. Ya pili ilikuwa ya ghorofa alilofikia alipowasili. Mbili zilikuwa za Arizona, jimbo ambalo hajawahi kukanyaga. Kurasa tatu mbele tukaukuta mkopo wa gari wa Arizona, uliochelewa siku 90, wa mtu mwenye jina kama lake na aliyezaliwa tarehe 1 Januari ya mwaka uleule. Kama tungeanza na madeni tungeona deni tu. Anwani ndizo zilizotuonyesha kwamba ndani ya faili lile mlikuwa na watu wawili.

Jambo hili si la wageni peke yao. Mwaka 2011 Sergio Ramirez alikwenda kununua gari huko California, akaambiwa ripoti ya TransUnion inaonyesha huenda jina lake limo katika orodha ya serikali ya magaidi na wauza dawa za kulevya. Kampuni ilikuwa imelinganisha jina la kwanza na la mwisho tu. Kesi ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani, ambayo mwaka 2021 iliamua kwamba kati ya watu 8,185 waliowakilishwa, waliokuwa na haki ya kudai fidia kwa kosa hilo katika mahakama za shirikisho ni 1,853 tu, yaani wale ambao ripoti zao zilikuwa zimeshapelekwa kwa wakopeshaji. Kwa msomaji wa kawaida maana yake ni kwamba ushahidi wa ripoti kumfikia mtu mwingine una uzito mkubwa, na ndiyo sababu nyingine ya kutochana barua ya kunyimwa.

Baada ya majina na anwani, pitia kila akaunti: ni yangu? salio ni sahihi? mwezi unaodaiwa nilichelewa, nilichelewa kweli? Tazama tarehe ya kuanza kuchelewa, kwa sababu taarifa mbaya kwa kawaida haipaswi kukaa zaidi ya miaka 7, na kufilisika miaka 10, na miaka hiyo haianzi upya deni linapouzwa kwa mkusanya madeni mwingine. Mwisho tazama orodha ya walioiomba ripoti yako. Kuisoma mwenyewe hakupunguzi alama hata kidogo. Kinachoweza kuzipunguza ni wakopeshaji uliowaomba mkopo. Jina usilolijua katika orodha hiyo linaweza kuwa dalili ya mwizi wa utambulisho.

Utafiti wa Tume ya Biashara ya Shirikisho, FTC, wa miaka ya 2012 na 2013 ulikuta mtu mmoja kati ya watano ana kosa katika angalau ripoti moja kati ya tatu. Kwa hiyo pata zote tatu, kwani kosa linaweza kuwa kwa kampuni moja na lisiwepo kwa nyingine.

Kupinga kosa

Kupinga ni bure. Unaweza kufanya hivyo mtandaoni, lakini kwa kosa zito mimi huwashauri watu watumie barua ya posta iliyosajiliwa yenye risiti ya kupokelewa, kwa kuwa hiyo ndiyo inayobaki na tarehe. Barua iandikwe kwa Kiingereza, hata kama ni Kiingereza cha kuombea maji. Urefu wake hauna faida. Andika jina lako kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho, tarehe ya kuzaliwa, anwani, kisha utaje akaunti moja moja kwa jina la mkopeshaji na namba iliyoonyeshwa, useme kosa ni nini na unataka nini kifanyike: kifutwe au kisahihishwe. Ambatanisha nakala, kamwe usitume hati halisi, za kitambulisho, bili ya umeme au maji yenye anwani yako, na ukurasa wa ripoti uliozungushiwa kosa. Barua ya mama yule ilikuwa na aya mbili. Tulisema hajawahi kuishi Arizona, tukaambatanisha hati ya safari yenye tarehe ya kuingia Marekani, ambayo ilikuwa baada ya tarehe ya kufunguliwa kwa mkopo ule.

Kampuni ina siku 5 za kazi kumpelekea pingamizi aliyetoa taarifa, na siku 30 kukamilisha uchunguzi. Muda huo unaweza kufika siku 45 ikiwa ripoti uliipata kupitia haki ya bure ya kila mwaka, au ukiongeza vielelezo katikati ya uchunguzi. Taarifa isiyoweza kuthibitishwa lazima iondolewe. Matokeo utaletewa kwa maandishi, na kitu kilichofutwa hakiwezi kurudishwa bila aliyekitoa kuthibitisha usahihi wake na wewe kuarifiwa. Peleka nakala ya barua hiyohiyo kwa mkopeshaji aliyetoa taarifa, maana naye ana wajibu wa kuchunguza.

Jibu likija kwamba "imethibitishwa" ilhali unajua si kweli, usirudie barua ileile. Ongeza ushahidi, au peleka malalamiko kwenye Ofisi ya Ulinzi wa Fedha za Mlaji, CFPB, au kwa mwanasheria mkuu wa jimbo lako. Sheria pia inakuruhusu kushtaki, na aliyevunja sheria kwa makusudi anaweza kuamriwa kulipa kati ya dola 100 na 1,000 hata bila hasara kupimwa, pamoja na gharama za wakili wako. Mawakili wengi wa kesi za aina hii hawamtozi mteja mwanzoni kwa sababu hiyo.

Sasa, ule uanachama

Huduma za kulipia huuza mambo matatu: kukuonyesha ripoti, kukuonyesha alama, na kukuarifu kinapotokea kitu kipya kwenye faili. La kwanza unalo bure kila wiki. La pili benki nyingi na kampuni za kadi huwapa wateja wao bila malipo. La tatu linakuambia kwamba mwizi ameshaingia, wakati sheria inakupa kufuli la kumzuia asiingie. Tangu tarehe 21 Septemba 2018, kulifunga faili (security freeze) ili mkopeshaji mpya asiweze kulifungua ni bure katika kampuni zote tatu. Ukiomba kwa simu au mtandaoni wanapaswa kulifunga ndani ya siku moja ya kazi, na kulifungua ndani ya saa moja unapotaka kukopa. Kufuli halipunguzi alama. Mzazi anaweza kumfungia pia mtoto aliye chini ya miaka 16, na ninawasihi wazazi wafanye hivyo, kwa sababu mtoto hugundua wizi akiwa na miaka 18, siku anapoomba mkopo wa kwanza. Angalia tu kwamba unachokibonyeza ni kile cha kisheria, kwa sababu kampuni hizo zina bidhaa nyingine yenye jina la kukaribiana (lock) ambayo huambatana na masharti yake au uanachama wa kulipia.

Uanachama unaojificha nyuma ya neno "bure" una historia ndefu. Mwaka 2005 FTC iliibana kampuni ya Consumerinfo.com, iliyo chini ya Experian, ambayo ilitoa "ripoti ya bure" kisha ikawaandikisha watu kwenye huduma ya dola 79.95 kwa mwaka. Ikakubali kulipa dola 950,000. Januari 2017 CFPB iliziamuru TransUnion na Equifax kulipa zaidi ya dola milioni 23 kwa pamoja, fidia na faini, kwa kuwapotosha wateja kuhusu alama walizouziwa na kuhusu gharama: ofa ya bure au ya dola 1 iligeuka malipo ya dola 16 au zaidi kila mwezi.

Kama umenaswa, fuata mpangilio huu. Kwanza chimba barua pepe ya siku uliyojiunga na uhifadhi picha ya masharti. Kisha jiondoe kwa njia inayoacha maandishi, na kama wanalazimisha simu, andika tarehe, saa na jina la uliyezungumza naye, udai namba ya uthibitisho. Sheria ya mwaka 2010 ya kuwalinda wanunuzi wa mtandaoni inamtaka muuzaji akueleze masharti waziwazi kabla ya kuchukua namba za kadi, apate ridhaa yako, na akupe njia rahisi ya kusimamisha malipo. Kanuni ya FTC ya 2024, iliyotaka kujiondoa kuwe rahisi kama kujiunga, ilibatilishwa na mahakama ya rufaa Julai 2025, lakini sheria ya 2010 ingali na nguvu, na unaweza kuitaja katika barua yako. Omba pia kurudishiwa miezi ambayo hukutumia huduma. Mimi nilirudishiwa mitatu kwa kuomba tu.

Wasiposikia, nenda benki. Kwa malipo yanayokatwa moja kwa moja kwenye akaunti, una haki ya kuiamuru benki iyazuie ukiiarifu angalau siku 3 za kazi kabla ya tarehe ya kukatwa. Ukiarifu kwa mdomo, fuatisha maandishi ndani ya siku 14. Kwa kadi ya mkopo, pinga kwa maandishi ndani ya siku 60 tangu taarifa yenye malipo hayo ilipotumwa kwako. Usifanye kosa la kuifunga kadi na kunyamaza. Uanachama, uwe wa mtandaoni au wa ukumbi wa mazoezi, ni mkataba, na mwenye mkataba anaweza kuliuza deni kwa mkusanya madeni, ambaye ataliandika katika faili lilelile ulilokuwa ukilinda.

Kuhusu wanaojiita watengenezaji wa mikopo (credit repair), yaani wanaodai kuisafisha ripoti yako kwa malipo, nao wamo hata katika makundi yetu ya WhatsApp: sheria ya mwaka 1996 inawakataza kupokea malipo kabla ya kumaliza kazi waliyoahidi, inawataka wakupe mkataba ulioandikwa, na inakupa siku 3 za kazi kuuvunja bila gharama. Anayeahidi kufuta deni la kweli, au kukupa namba mpya ya utambulisho, anakutia katika uhalifu.

Upo uanachama mmoja ambao naupendekeza kwa moyo wote, wa vyama vya akiba na mikopo vya hapa (credit union), ndugu wa SACCOS za kwetu. Kujiunga mara nyingi ni kuweka hisa ya dola 5 hadi 25, na fedha hiyo inabaki yako. Vile vya shirikisho haviruhusiwi kutoza riba zaidi ya asilimia 18 kwa mikopo mingi, na vingi vitakupa kadi ya mkopo yenye dhamana ya akiba yako mwenyewe. Tumia kiasi kidogo, lipa yote kila mwezi.

Jibu la mama wa Uvira lilifika siku ya 26. Anwani za Arizona hazikuwemo tena, wala ule mkopo. Jioni ile tulifunga faili lake katika kampuni zote tatu, tukaandika namba za siri kwenye daftari la mapishi, kisha akaniomba tuanze na la mumewe.